Paka amewakosea nini?
Mwandishi umeandika vizuri, ila hapo uliposema mwenye nyumba ana haki ya kukataa mnyama yeyote bila kutoa sababu, sikubaliani nawe. Mimi nimepanga chumba na sebule Sinza, nikalipa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na siku ya pili tu nikaambiwa paka aondoke. Haya, nikampeleka kwa dada yangu Mbagala. Haukupita mwezi, panya wakatoboa gunia la mchele la mama mwenye nyumba mwenyewe, akaja kunigongea: "Mwanangu, yule paka wako yuko wapi?" Nikamrudisha, na leo paka analala jikoni kwake, na mimi ndiye nasemwa eti simnunulii dagaa! Wenzetu Ufaransa, sheria ya mwaka 1970 inabatilisha kipengele cha mkataba kinachomkataza mpangaji kufuga, ilimradi mnyama asiharibu nyumba wala kusumbua majirani. Na wewe ndugu uliyelalamikia mbwa hapo juu, nakuelewa. Nyumba ya wapangaji wengi, uwanja mmoja, bomba moja, jirani anatunza udhu wake, mbwa ni habari nyingine. Lakini paka? Hapo mnatuonea.