Barua za Askari Zisiachiwe Mchwa

Kaskazini mwa Uingereza, kwenye ngome ya Vindolanda, tangu mwaka 1973 wachimbaji wamefukua mamia ya vibao vyembamba vilivyoandikwa kwa wino na askari wa Dola ya Roma yapata miaka 1,900 iliyopita. Vilikuwa takataka, vikahifadhiwa na tope lisilopitisha hewa. Kimoja kinataja soksi na chupi alizotumiwa askari. Katika kingine, kiongozi wa kikosi anaomba pombe kwa kuwa vijana wake wameishiwa. Vitabu vya majenerali havina habari hizo, na bila hizo tusingejua watu wa mpakani waliishi vipi.

Sisi wa Kasese, Kikorongo na Bwera tunahusika, kwa kuwa Uganda nayo ilikuwa na askari waliotuma barua. Batalioni ya 4 ya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Uingereza katika Afrika Mashariki, yaani batalioni ya Uganda, ilipigana Burma mwaka 1944 ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikikanyaga matope ya bonde la Kabaw katika msimu wa mvua. Asiyejua kuandika alimwomba mwenzake. Salamu zilitangulia, mimi mzima hofu ni kwenu, kisha yakaja yaliyomkosesha usingizi: je, fedha alizokatwa kwenye mshahara zimefika nyumbani, na mke aliyemwacha nyumbani anaishije? Barua kama hizo, popote zilipobaki sandukuni, zinaliwa na mchwa au kuchomwa siku nyumba inaposafishwa baada ya matanga.

Watu watasema barua hizo si za kuaminika, kwani wakaguzi wa jeshi walizisoma, tena nyingi ziliandikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Ni kweli, lakini mkaguzi aliwinda siri za vita na manung'uniko, hakuwa na haja na mbuzi wa mtu. Hata mwaliko wa Claudia Severa, mke wa kamanda wa Kirumi, kwa rafiki yake Sulpicia Lepidina, uliookotwa Vindolanda, uliandikwa na karani, na Severa mwenyewe akaongeza mistari michache tu mwishoni. Hakuna aliyeutupa kwa sababu hiyo.

Pingamizi kwamba barua zitafichua aibu ya familia ni zito zaidi, na nalikubali nusu. Kuhifadhi si kutangaza. Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal, tayari kinatunza majalada ya zamani ya Kabarole. Familia inaweza kupeleka nakala huko, ikabaki na barua yenyewe, na kuweka sharti isisomwe mpaka miaka kadhaa ipite.

Wanajeshi wetu walioko Somalia tangu 2007 na Kongo tangu 2021 wanaandika kwa simu, na simu ikiharibika maneno yamekwenda nayo. Mzazi au mke mwenye ujumbe wa namna hiyo aunakili kwenye daftari, aandike na tarehe.