Kuivika Land Rover Paa Gumu



Mvua za alasiri za Johannesburg huja na mawe. Mzee wetu mmoja hapa Braamfontein huwapeleka wajukuu chuoni kwa Land Rover kuukuu ya turubai, na Jumapili iliyopita tulimsaidia kuivika paa gumu.

Kwanza watafutwe watu wanne. Paa hilo si zito sana, ila kwa upana wake mtu mmoja atalipinda. Tuliondoa turubai na vyuma vyake, tukasafisha kingo, tukatandika mpira mpya juu ya fremu ya kioo cha mbele na ubavuni. Kisha bolti zote zikatiwa kwa mkono tu, zikakazwa kidogo kidogo kwa zamu. Wengi hukosea hapa, nami nilikuwa mmoja wao: hukaza upande mmoja hadi mwisho, matundu ya upande wa pili yakakataa kulingana.

Tangu ile ya kwanza ya mwaka 1948, bodi za magari haya ni za aluminiamu, na bolti ni za chuma. Viwili hivyo vikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Tulivitenga kwa washa za plastiki na grisi.

Tulimwaga ndoo tatu za maji. Tone moja likapenya pembeni, tukalegeza bolti na kuulaza mpira upya.

Mzee alifurahi mno. Ilitubidi tumweleze kwamba bati lile huzuia mvua, halimkingi mtoto gari likipinduka. Viti vya nyuma havina mikanda. Tunaitafuta, na hadi ipatikane wajukuu wanakwenda chuoni kwa miguu.