Kijana Aliyeko Kawangware Si Mvivu, Ana Hofu

Ndugu mkulima, ng'ombe wako akiacha kula asubuhi, hungoji mpaka alale chini. Wampapasa chini ya masikio uone kama matezi yamevimba, kisha wamtafuta Bwana Mifugo siku ile ile, maana wajua ndigana kali haingoji. Lakini mwanao aliyeko Nairobi akikaa miezi mitatu bila kupiga simu, wasema nini? Wasema mji umemharibu, amekuwa mvivu, au kuna mtu amemroga. Mimi nasema huenda kijana huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake una dalili ambazo mzazi aweza kuzitambua.

Watoto wengi wa skimu zetu waliondoka kwa sababu ekari za baba zao hazigawanyiki tena. Wako wanaoshuka Kawangware, steji ya 56, wakapanga chumba kimoja cha mabati. Alfajiri hutembea kwa miguu mpaka Lavington au Kileleshwa kutafuta kazi ya mjengo. Siku moja huchukuliwa, siku ya pili hurudi mikono mitupu, na mwenye nyumba anangoja kodi yake vile vile. Mtu wa hali hii lazima awe na wasiwasi, na wasiwasi huo si ugonjwa, kwa kuwa kodi ikilipwa hupoa. Shaka iingie pale kodi ilipolipwa na moyo usipoe, siku baada ya siku, kwa miezi.

Mtu huyo huogopa bila kujua anachokiogopa. Huona kwamba jambo baya liko njiani. Wazo moja humzunguka kichwani kama mbuzi aliyefungwa kigingini, na hata akitaka kuliacha hawezi. Hatulii, akiketi, huinuka. Simu ikilia hushtuka, haipokei, akidhani ni habari za msiba. Huanza kuwakwepa watu aliokuwa akicheka nao. Wengine hushikwa na hofu ya ghafula: moyo hupiga mbio, pumzi hubana, naye huamini anakufa. Hofu hiyo hupita baada ya dakika chache, lakini yeye hubaki akiogopa itakaporudi.

Dalili tunayoikosea zaidi ni hasira. Kijana aliyekuwa mpole sasa amfokea mama yake kwa neno dogo, nasi twasema amekosa adabu. Mara nyingi ni mtu aliyechoka kwa kuogopa mchana na usiku. Wengine huitafuta pombe iwatulize, na asubuhi hofu huwa imezidi.

Hapa niseme jambo ambalo wazazi hawatalipenda. Sehemu ya mzigo huo twautia sisi. Twapiga simu kuomba pesa ya mbolea, kisha karo ya mdogo wake, kisha twaongeza kwamba mtoto wa jirani amekwisha kujenga. Kuomba si kosa, lakini kama kila simu ya baba ni deni, kijana atamwambia nini baba huyo siku moyo wake unapomshinda?

Wala hii si laana ya nyumba moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya hofu na wasiwasi. Magonjwa haya hutibika. Daktari aweza kutoa dawa, na mazungumzo yaliyopangwa vizuri nayo ni tiba. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Nairobi, upande wa Dagoretti ambako Kawangware imo. Walikuwamo wanawake 421 waliopata kutendewa ukatili. Nusu yao walipangiwa kukutana mara 5, kila mara dakika 90, na wahudumu wa afya wa mtaani waliofunzwa kazi hiyo, wasio madaktari. Miezi mitatu baadaye walikuwa wametulia kuliko wenzao waliopelekwa kwa wauguzi kwa njia ya kawaida.

Kwa hiyo usiogope jina la Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1910, ambayo watu wetu wameigeuza tusi. Wengi wenye hofu hawahitaji kulazwa huko. Waanze na kituo cha afya kilicho karibu.

Jioni ya leo mpigie mwanao, na usiitaje mbolea. Muulize kama analala, anaogopa nini, na tangu lini. Akinyamaza, usikate simu. Akikujibu kwa ukali, ngoja kidogo umwulize tena, kisha umshauri aende kituo cha afya, wala usimcheke. Na akitaja kwamba heri afe, usingoje mwisho wa mwezi: mwombe mtu aliye karibu naye asimwache peke yake, nawe panda gari la kwanza uende umpeleke hospitali.