Hepesi na maradhi ya kusahau: Kinga yaonyesha dalili njema kuliko tiba

Mnamo 1997, Ruth Itzhaki na wenzake nchini Uingereza walieleza kuwa virusi vya malengelenge ya mdomo vikiingia ubongoni mwa mtu aliyerithi jeni ya APOE4, huongeza hatari ya ugonjwa wa Alzheimer.

Mwaka 2025 matokeo mawili yalikinzana. Huko Wales, wazee waliochanjwa dhidi ya mkanda wa jeshi, unaosababishwa na virusi vya jamii iyo hiyo, walipungukiwa na hatari ya maradhi ya kusahau kwa takriban asilimia 20 katika miaka saba. Nchini Marekani, dawa ya valasaikloviri haikuwafaa waliokwisha kuugua.

Huenda basi wakati ndio siri: ubongo ukishadhurika, kuvikabili virusi ni kuchelewa. Wahenga walinena, kinga ni bora kuliko tiba.