Stepu ya kuuza sura itakuangusha!

Leo zamu yenu wenye pikapu, pamoja na nyie mnaodandia za wenzenu wikiendi kwenda Bagamoyo. Tuongee kuhusu stepu, kile kikanyagio cha pembeni unachopanda kabla hujaingia ndani.

Wengi tunainunua kwa macho. Ikimeremeta tu, basi: "Fundi, funga hiyo hiyo!" Lakini jamani, stepu siyo hereni. Inabeba mtu mzima, tena anayepanda kwa kishindo. Siku ikikatika, gari halitaumia. Atakayekwenda chini ni bi mkubwa wako na kikapu chake cha sokoni.

Kwa sisi wa Pwani adui namba moja ni chumvi. Upepo wa bahari unaileta mpaka kwenye gari lililolala uani, sembuse lile linalokimbizwa mchangani kule Kigamboni. Chuma cha kawaida kikichubuliwa rangi na kokoto, kutu inaingia kwenye kidonda hicho na kutambaa chini ya rangi. Juu panang'aa, ndani pameoza.

Aluminiamu haishiki ile kutu nyekundu, na uzito wake ni kama theluthi moja tu ya chuma. Tatizo lake ni ndoa. Ukiifunga kwa bolti za chuma na maji ya chumvi yakaingia, inaliwa pale pale palipogusana. Mwambie fundi aitenganishe kwa washa za plastiki. Stenlesi nayo ina madaraja: namba 304 ni nzuri, ila karibu na bahari inaweza kuota madoa ya kahawia, 316 inavumilia chumvi zaidi, na bei yake inakujulisha hivyo. Za plastiki hazina kutu, lakini jua likizichapa miaka kadhaa zinapauka na kupasuka.

Kwa wazee wa porini, stepu inayoning'inia ndiyo ya kwanza kugonga jiwe. Kama imefungwa kwenye bodi, inapinda na kuondoka na bati lako. Angalau ishikwe na chasisi. Kama mawe ndiyo njia yako ya kila siku, tafuta bomba nene la chuma lililotengenezwa kubeba uzito wa gari. Na tafadhali, usiweke jeki kwenye stepu ya kawaida!

Ukirudi safari, osha chini kwa maji safi. Tope lililoganda kwenye vishikio linakaa na unyevu wiki nzima, na vile vitundu vya kutolea maji vikiziba, stepu inageuka ndoo.

Kwa hiyo kabla hujatoa noti, inama uchungulie chini. Muuzaji akikuuliza umedondosha nini, mwambie bado, ndiyo unataka usidondoke.

Haya, tukutane wiki ijayo!