Bukavu: Picha iliyonakiliwa ibebe jina la aliyeichora

Katika kata ya Cimpunda, tarafa ya Kadutu, kama kwingine mjini Bukavu, sura iliyochorwa kwa mkono inaweza kupigwa picha kwa simu leo, na kesho ikachapwa kwenye kalenda ao tisheti. Mwenye mashine anapata pesa. Mchoraji hapati kitu, na jina lake limekatwa.

Tatizo hili lina umri mrefu. Katika karne ya 18, mjini London, Joshua Reynolds alichora sura za wakubwa wa Uingereza. Kila picha ilibaki nyumbani kwa mwenyewe. Fundi James McArdell, mzaliwa wa Ireland, alizichonga upya baadhi yake kwenye bamba la shaba, na nakala nyingi zikachapwa na kuuzwa. Nakala hizo zilieneza sifa za Reynolds. Chini yake, kwa desturi ya wakati ule, yaliandikwa majina mawili: la mchoraji kushoto, la mchongaji kulia.

Kwa hiyo kunakili kwenyewe hakuna ubaya. Kufuta jina ndiyo wizi. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, wachoraji wakiwemo. Lakini kijana wa Cimpunda atalipa avoka kwa ajili ya tisheti moja?

Dawa ya kwanza iko kwa mchapaji na mteja: kuomba ruhusa, kupatana bei, na kuandika jina la mchoraji pembeni. Anayeipenda picha atajua wapi pa kuagiza nyingine.