MCHEZA KWAO HUTUZWA: LINI TUTACHEZA KWETU?

Najua baadhi yenu mtashangaa kuona mada ya michezo ya vidio katika jarida la Kiswahili. "Ah! Huyu naye ametuletea mambo ya watoto," mtasema. Ngojeni kidogo. Msikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Nitakayoyasema hapa yanaihusu lugha yetu hii, tena yanatuhusu sisi vijana kuliko mtu mwingine yeyote.

Wengi wetu hudhani kwamba mchezo wa vidio ni uleule, uwe Tokyo, uwe New York au uwe Kisumu. La hasha! Tangu zamani biashara hii imeigawa dunia vipande vipande. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ilitoa mashine yake ya Famicom huko Japani. Ilipoipeleka Marekani mwaka 1985, iliibadilisha jina ikawa NES, ikaibadilisha umbo, na hata kaseti zake zikabadilishwa. Kaseti ya Japani ilikuwa na pini 60, ya Marekani pini 72. Isitoshe, ndani ya mashine ya Marekani mlitiwa chipu ndogo iliyofanya kazi ya bawabu. Kaseti isiyokuwa na chipu mwenzake haikufunguliwa mlango. Kwa njia hiyo kampuni ikawa ndiyo inayoamua nani auze nini, wapi na lini.

Hata mchezo wenyewe haukuwa uleule. Mwaka 1986 Wajapani waliuziwa Super Mario Bros. 2. Wakubwa wa Nintendo kule Marekani wakauona mgumu mno kwa wateja wao. Basi wakafanyaje? Wakachukua mchezo mwingine kabisa wa Kijapani, uitwao Yume Kojo: Doki Doki Panic, wakawatoa wahusika wake, wakamtia Mario na wenzake, na mwaka 1988 wakauuza Marekani kwa jina lilelile la Super Mario Bros. 2. Watoto wa Marekani walikua wakidhani wanacheza walichocheza wenzao wa Japani, kumbe wapi!

Haya basi, na televisheni nazo? Televisheni za Japani na Marekani zilichora picha mara 60 kwa sekunde, ilhali zile za mtindo wa PAL, uliotumika Ulaya na hata hapa kwetu Kenya, zilichora mara 50. Michezo mingi ilipoletwa upande wa PAL haikurekebishwa. Ikawa inakwenda polepole, pungufu kwa thuluthi nusu, yaani sehemu moja katika sita. Sonic, yule mnyama aliyeanza kusifiwa mwaka 1991 kwa mbio zake, huku alikuwa anajikokota! Mnunuzi alitoa pesa zake halali, akapewa mchezo uliochoka.

Nimeyataja haya ili jambo moja lidhihirike: tofauti hizi za kimaeneo hazikuteremka kutoka mbinguni kama mvua. Zililetwa na watu. Zililetwa na sheria, na kodi, na televisheni, na lugha, na hesabu za wafanyabiashara. Kwa hivyo watu wanaweza kuzigeuza. Hebu tuwaangalie waliozigeuza.

Tuanze na Brazili. Mwaka 1989 kampuni ya huko iitwayo Tectoy ilianza kuuza mashine ya Master System ya kampuni ya Sega. Haikuridhika kuwa mchuuzi tu. Mwaka 1991 ilichukua mchezo wa Kijapani, ikamwondoa shujaa wake, ikamweka Mônica, yule msichana wa katuni za Mauricio de Sousa ambaye kila mtoto wa Brazili anamjua. Maandishi nayo yakawa ya Kireno. Mtoto wa São Paulo akawasha mashine, akamkuta mtu wa kwao.

Korea Kusini nayo ilikuwa imezuia bidhaa za utamaduni wa Japani hadi ilipoanza kulegeza kamba mwaka 1998. Mashine ya Nintendo iliuzwa huko ikiwa na jina la kampuni ya Hyundai, ya Sega ikiwa na jina la Samsung. Vijana wengi wakaelekea kwenye kompyuta, katika kumbi za kulipia kwa saa. Mchezo wa Kimarekani wa StarCraft ulipotoka mwaka 1998, Wakorea waliushika wakawashinda wenye mchezo. Mechi zikaonyeshwa kwenye runinga, zikitangazwa kwa Kikorea kama mpira wa miguu!

China ilipiga marufuku mashine za michezo mwaka 2000, na marufuku hayo yakaondolewa nchi nzima mwaka 2015. Mwaka 2024 kampuni yao ya Game Science ilitoa mchezo wa Black Myth: Wukong. Hadithi yake imetoka wapi? Imechipuka katika masimulizi ya Mfalme Nyani, yaliyomo ndani ya riwaya ya kale ya Kichina ya karne ya 16. Katika siku tatu za kwanza ziliuzwa nakala milioni 10. Hadithi ya mababu, jamani! Hadithi ambayo bibi wa Kichina humsimulia mjukuu wake kabla ya kulala.

Lakini anayenikuna zaidi moyoni ni Mpolandi. Mwaka 1994 vijana wawili marafiki walianzisha kampuni ya CD Projekt mjini Warsaw. Wakati huo masoko ya Polandi yalijaa nakala za wizi. Nani angenunua nakala halali ya bei ghali? Mwaka 1999 vijana hao wakauchukua mchezo wa Kikanada uitwao Baldur's Gate, wakautafsiri wote kwa Kipolandi, wakawaalika waigizaji maarufu wa nchi yao watie sauti. Watu wakanunua, kwa kuwa mwizi wa sokoni hakuweza kuwapa lugha yao. Baada ya kutafsiri wakaanza kuunda. Mwaka 2007 wakatoa The Witcher, kutokana na vitabu vya mwandishi wao Andrzej Sapkowski, na leo mchezo huo unajulikana duniani kote. Wahenga hawakukosea waliponena: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa nawauliza, Wapolandi ni wangapi? Hawafiki milioni 40. Na wasemaji wa Kiswahili? UNESCO, ambayo mwaka 2021 iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, inatwambia wanapita milioni 200. Hata hivyo, ingieni katika kibanda chochote cha PS mtaani. Mtakuta vijana wamebanana kwenye benchi, wanacheza kandanda ya EA. Mchezo huo umetangazwa kwa Kiingereza, kwa Kipolandi, kwa Kiarabu na kwa lugha nyingine kadha. Kiswahili hakimo. Na cha ajabu ni kwamba vijana wale huwa wamezima sauti, wanatangaza wenyewe: "Anachenga mmoja, anachenga wawili, lahaula! Ameupaisha juu ya mtambaa panya!" Utamu wote uko pale kwenye benchi, si ndani ya mashine. Nchi iliyomlea marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025 baada ya kutuachia mfano wa namna mpira unavyotangazwa kwa Kiswahili, haiwezi kusema haina watangazaji.

Sisi katika ramani ya michezo tulikuwa wapi? Tulikuwa watu wa kaseti zilizoigizwa, zile zilizojisifu kuwa na michezo 9999 ndani yake, kumbe ni michezo michache imerudiwarudiwa. Hata baada ya bawabu wa pini na chipu kuondoka, ametokea bawabu mwingine, naye ni akaunti. Mwezi wa Mei mwaka 2024 kampuni ya Sony ilitangaza kuwa wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wawe na akaunti ya mtandao wa PlayStation. Mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambazo mtandao huo hauzitambui, na nyingi za Afrika zilikuwemo. Wachezaji wa dunia walipiga kelele hadi kampuni ikaiondoa amri hiyo ya akaunti. Fikirini basi: unaweza kuwa na pesa mkononi, lakini katika orodha ya kuchagua nchi, yako haipo.

Mgala muue na haki yake mpe. Si kweli kwamba Waafrika wamelala. Kampuni ya Leti Arts ilianzishwa mwaka 2009 na Mghana na Mkenya. Mwaka 2015 Wakenya walitoa Nairobi X, mchezo wa vita unaotendeka katika mji wetu mkuu. Mwaka 2016 Wakameruni wa Kiro'o Games, kule Yaoundé, walitoa Aurion, uliojengwa juu ya hadithi na hali za Kiafrika. Hawa wamefungua njia. Swali ni je, sisi wa Kiswahili tutaifuata lini?

Najua pingamizi zitakazokuja. Wa kwanza atasema Kiswahili hakina msamiati. Jamani! Katika chama hiki tumebishana mihula mingapi kama tuseme "tarakilishi" au "kompyuta"? Na katika mihula yote hiyo, ni nani ameandika hata mstari mmoja wa programu kwa neno lolote kati ya hayo mawili? Maneno hukua kwa kutumiwa. Mtoto hafundishwi kutembea kwa kubishaniwa viatu.

Wa pili atakuwa mwalimu, naye atasema michezo hii hupoteza wakati na kushusha alama. Mwalimu, kwa hilo nakubaliana nawe nusu. Anayeshinda kibandani Jumamosi nzima huku insha yake inamngoja amepotea. Lakini kucheza si sawa na kuunda. Anayeunda mchezo anahitaji hesabu, uchoraji, muziki, na zaidi ya yote anahitaji mtu wa kutunga hadithi na mazungumzo. Hilo la mwisho si ndilo somo letu?

Wa tatu atasema soko letu ni maskini. Huyu ana hoja nzito, na si haki kumjibu kwa methali pekee. Wengi wa hao milioni 200 hawana mashine ya bei ghali, na mchezo mkubwa hugharimu fedha nyingi mno. Lakini simu wanazo, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mwananchi wa kawaida anaweza kulipa shilingi chache tu bila kadi ya benki. Hatuhitaji kuanza na Wukong. Wapolandi walianza kwa kutafsiri.

Kwa hivyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, Chama cha Kiswahili na chama cha kompyuta vikutane mwaka huu, viunde mchezo mmoja mdogo. Bao la kete lipo, sheria zake zinajulikana na hatumlipi mtu kulitumia. Pili, tukusanye maneno yanayotumiwa vibandani, tuyachapishe katika jarida lijalo, maana huko ndiko msamiati unakozaliwa. Tatu, shindano letu lijalo la uandishi liwe la kumgeuza shujaa wetu awe mhusika wa mchezo.

Na mashujaa tunao! Fumo Liyongo wa pwani hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe. Luanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ya maadui ilidunda tu, hadi siri ikafichuka kwamba uhai wake umo kivulini. Adui asiyeshindika mwenye siri moja: waunda michezo wa ng'ambo hukesha wakitafuta kisa kama hicho, nasi tunacho, tunakijibia maswali ya mtihani kisha tunakisahau.

Wadogo zetu walio nyumbani sasa hivi wameshika simu. Wanajifunza kuwa shujaa huzungumza Kiingereza, Kijapani au Kichina. Hawajawahi kumsikia shujaa akisema "Twendeni!" Tusipomtia maneno hayo kinywani, hakuna kampuni ya Tokyo wala California itakayoamka asubuhi ikatufanyia kazi hiyo. Mcheza kwao hutuzwa. Lakini kwanza lazima awe na kwao pa kuchezea, na hapo hatajengewa na jirani.

Mkutano wa kwanza na uitishwe. Mimi nitakuja na kalamu. Nani atakuja na kompyuta?